Kibanda cha Kupulizia Rangi Nyumbani: Hewa Iingie Wapi, Itokee Wapi

Hotuba kwa mafundi wa samani, wachongaji na vijana wa karakana, Mtwara

Ndugu Mwenyekiti, ndugu mafundi wenzangu, mama zangu wa vikundi vya kazi za mikono, vijana wa Mikindani, Chikongola na Magomeni, pamoja na wageni wetu mliopanda basi kutoka Lindi na Masasi, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kujenga kibanda kidogo cha kupulizia rangi nyumbani, kwa ajili ya kazi ndogondogo: fremu za picha, vigoda, vitasa, vipande vya baiskeli, midoli ya mbao na vinyago vya mti laini. Nimesema mti laini kwa makusudi, kwa kuwa mpingo hauhitaji rangi, na anayeufunika kwa vanishi nzito anaficha kile kile ambacho mteja amekilipia. Kwa kazi nyingine hizi, jambo ninalotaka tulishike ni moja: kibanda cha rangi ni njia ya hewa kwanza, na sanduku baadaye. Fundi anayeanza na mbao na misumari kabla hajajua hewa itaingia wapi na kutokea wapi atapata kabati zuri la kukusanyia mvuke wa thina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, na kabati la namna hiyo ni hatari kuliko kupuliza rangi uani pasipo na chochote.

Wengi wetu tumekulia katika mikorosho, na tunajua kupuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Mkulima huamka alfajiri, majani yakiwa bado na umande na upepo ukiwa umetulia, kwa sababu anataka unga ule usambae juu ya mti mzima na ushike. Mpuliza rangi anataka kinyume chake karibu katika kila jambo: hataki umande, hataki hewa iliyosimama, na hataki chembe iliyokikosa kifaa chake isambae popote isipokuwa kwenye chujio. Na chembe zinazokosa si chache. Bunduki ya rangi ya kawaida yenye shinikizo kubwa huweza kupoteza zaidi ya nusu ya rangi hewani. Zile za shinikizo dogo na hewa nyingi, ambazo hewa yake kwenye pua haizidi takriban psi 10 (psi ni kipimo cha shinikizo), hupoteza kidogo zaidi ya theluthi moja zikitumiwa vizuri. Rangi hiyo iliyopotea lazima ifike mahali fulani. Pasipokuwa na njia ya hewa, itafika kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, kwenye kazi yako mwenyewe kama vipele vikavu, na kwenye mapafu yako.

Lakini ukungu wa rangi unaoonekana ndio tatizo dogo. Kubwa ni mvuke usioonekana. Watu wa mkoa huu tumezoea kusikia habari za gesi, na gesi asilia ya Mnazi Bay inayosafishwa Madimba kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo ni nyepesi kuliko hewa na hupanda juu inapovuja. Mvuke wa thina haufanyi hivyo. Toluini, ambayo imo katika thina nyingi, mvuke wake ni mzito kama mara tatu ya hewa; hushuka, hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango na kufika chumba cha pili ambako pengine kuna jiko la mkaa linalosubiri sufuria. Makopo ya rangi ya kupuliza nayo yana hatari yake. Tangu Edward Seymour wa Marekani alipoweka rangi ya alumini ndani ya kopo la kubonyeza mwaka 1949, kanuni imebaki ile ile: rangi husukumwa na gesi, na katika makopo mengi ya leo gesi hiyo ni propani na butani, ndugu wa ile iliyomo katika mtungi wa jikoni, na ambayo pia ni nzito kuliko hewa.

Niwape hesabu moja ili tusiongee kwa hofu tupu. Tuchukue sanduku lenye mdomo wa sentimita 60 kwa 60 na kina cha sentimita 50, ambalo linatosha kazi zote nilizozitaja. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.18. Mvuke wa toluini huanza kuweza kuwaka unapofika asilimia 1.1 ya hewa, yaani takriban gramu 42 katika kila mita ya ujazo. Kwa sanduku letu hiyo ni kama gramu nane, ambazo kwa kipimo cha jikoni hazizidi vijiko viwili vya chai. Vijiko viwili vya chai vya thina vikiwa vimegeuka mvuke ndani ya sanduku lililofungwa, cheche moja ya swichi inatosha. Sanduku hilo hilo likiwa na hewa inayopita ipasavyo, mpulizaji anayetoa gramu moja ya mvuke kila sekunde hafikishi hata gramu sita kwa mita ya ujazo. Tofauti yote hiyo imeletwa na hewa inayotembea, bila kubadili rangi wala ubao.

Sasa, hewa itembee kwa kasi gani? Kipimo kinachotumiwa sana ni nusu mita kwa sekunde katika mdomo wa kibanda. Kwa mdomo wetu wa mita za mraba 0.36, feni inapaswa kuvuta mita za ujazo 0.18 kila sekunde, sawa na takriban 650 kwa saa, au futi za ujazo 380 kwa dakika kwa wale watakaokuta maandishi ya namna hiyo kwenye boksi la feni. Msinunue feni iliyoandikwa 650 kamili. Namba ya kwenye boksi ni ya feni isiyozuiwa na kitu, na ukishaiwekea chujio na bomba hupungua sana. Mimi ningetafuta inayokaribia 1,000. Fundi ambaye feni yake ni ndogo asiilazimishe kazi kubwa, bali apunguze mdomo wa kibanda. Mdomo wa sentimita 45 kwa 45 unahitaji karibu nusu tu ya hewa ile, na kwa fremu na vitasa unatosha kabisa.

Hapa ndipo niombe usikivu wenu zaidi, kwa sababu ni hapa watu wengi hukosea kwa nia njema. Wanachukua feni ya mezani, wanaitundika nyuma ya sanduku, wanaiwasha, na wanaona ukungu unavutwa vizuri. Mota ya feni ile imekaa katikati ya njia ya mvuke. Swichi yake hutoa cheche, nyaya zake hupata joto, na rangi inayopenya chujio huganda juu ya mota hadi mota yenyewe inaanza kuchemka. Feni zenye brashi za kaboni ni mbaya zaidi, kwa kuwa hizo hutoa cheche muda wote zinapozunguka. Wengine, wakilijua hilo, hugeuza mpango: wanaiweka feni mbele ili isukume hewa safi ndani ya sanduku. Mota imenusurika, ni kweli, lakini hewa iliyosukumwa hujaa sandukuni na kurudi chumbani kupitia kila ufa, ikiubeba mvuke kumrudishia mpulizaji usoni.

Kwa hiyo uamuzi wa feni unategemea aina ya rangi. Anayetumia rangi za maji, zile za akriliki ambazo bunduki yake husafishwa kwa maji, anaweza kutumia feni ya kawaida ya kutolea hewa ukutani, mradi aifute mara kwa mara. Anayetumia rangi za thina anahitaji feni ambayo mota yake iko nje kabisa ya njia ya hewa, ikizungusha pangaboi kwa mkanda, au feni iliyotengenezwa mahususi kwa mvuke unaowaka. Asiye na moja kati ya hizo mbili asitumie feni. Atoke nje ajenge kibanda cha upepo, ambacho kwa mwambao wetu naona ndicho chaguo la kwanza kwa watu wengi, wala si la maskini.

Kibanda cha upepo kina paa na pande mbili, huku mbele na nyuma kukiwa wazi, na upande wa nyuma hufungwa chujio ambalo nitalieleza. Upepo huingia mbele, hupita juu ya kazi, huacha ukungu kwenye chujio na kwenda zake. Mpulizaji asisimame akiupa upepo mgongo. Mwili wa mtu ukizuia upepo, mbele ya kifua chake hutokea kizunguzungu cha hewa kinachorudisha ukungu usoni, hata kama kwa mbali inaonekana kila kitu kinaelekea kuzuri. Asimame ubavuni, upepo umpite kutoka bega moja kwenda jingine, na mkono wake upulize kuelekea chujio. Upepo ukizidi hadi kuzipeperusha chembe kabla hazijafika kwenye kazi, siku hiyo ni ya msasa.

Na upepo wetu tunaujua. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwisho wa mwaka hadi kabla ya masika. Matlai nayo hutoka mashariki. Ukizitazama zote tatu, utaona kwamba upande wa magharibi wa nyumba ndio unaobaki kinyume cha upepo karibu mwaka mzima. Tundu la kutolea hewa chafu, liwe la feni au la kibanda cha upepo, ni vyema liwe upande huo, na dirisha la kuingizia hewa safi liwe mashariki. Ukilitoboa tundu upande wa mashariki, feni yako itashindana na kusi miezi mingi, na kusi itashinda. Upepo mmoja tu unakwenda kinyume cha mpango huu, nao ni umande, ule utokao bara usiku na alfajiri. Huo hautuhusu, kwa sababu nitakayoieleza punde: saa zake si saa za kupuliza rangi. Jambo linalotuhusu ni jirani wa magharibi. Katika mitaa iliyobanana, pengine ukuta wako wa magharibi ndio jiko lake, na hapo hakuna hesabu itakayokuokoa. Beba kibanda ukapulizie mahali palipo wazi.

Sanduku lenyewe halina mambo mengi. Plaiwudi inafaa, bati linafaa zaidi kwa kuwa haliwaki. Ndani lipakwe rangi nyeupe ili mwanga urudi, au litandikwe karatasi zinazobadilishwa. Taa iwekwe nje, juu ya kipande cha kioo kilichozibwa kingo zake, na swichi zote ziwe mbali na mdomo, nje ya mkono wa mpulizaji. Sanduku la bati liungwe na waya wa ethi, yaani unaopeleka umeme ardhini, na vilevile kopo la chuma unalomiminia thina, kwa kuwa umeme tuli unaojikusanya wakati wa kumimina au kupuliza nao hutoa cheche. Ndani kuwe na kisahani kinachozunguka ili usiipindishe bunduki kuitafuta nyuma ya kazi. Mbao mbili za mviringo na beringi ya baiskeli katikati zinatosha.

Kuhusu bomba la kutolea hewa, nawashauri mliepuke mkiweza, kwa kulikandamiza sanduku moja kwa moja kwenye tundu la ukutani. Hewa yetu ya mita za ujazo 0.18 kwa sekunde ikipita katika bomba la inchi 6 hulazimika kwenda kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde, na msuguano wake unaila nguvu ya feni. Katika bomba la inchi 8 kasi hiyo hushuka hadi chini ya mita 6. Kila kona unayoiweka inaongeza mzigo. Ikibidi kuwa na bomba, fundi bati anayekunja mifereji ya mvua atakukunjia la inchi 8, fupi na lisilo na kona, ambalo pia huungwa ethi kwa urahisi kuliko plastiki.

Chujio ndilo linalonifurahisha kuliko vyote, kwa sababu linaweza kutengenezwa kwa maboksi yaliyotupwa dukani. Kata karatasi mbili ngumu za boksi zenye ukubwa wa nyuma ya sanduku. Ya kwanza itoboe matundu yenye upana wa vidole vitatu yaliyopangwa kwa mistari. Ya pili itoboe vilevile, lakini matundu yake yatazamane na sehemu zisizotobolewa za ile ya kwanza. Ziache zitengane sentimita tano hivi. Hewa itapita tundu la kwanza, itakuta ukuta, na itapinda kutafuta tundu la pili. Vitone vya rangi, kwa uzito wake, havitaweza kupinda kwa haraka hiyo. Vitagonga ukuta na kubaki pale. Viwanda vikubwa vina machujio ya karatasi yanayofanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Jumla ya eneo la matundu isiwe ndogo mno, la sivyo feni itakabwa. Nyuma yake weka tabaka moja jembamba la pamba ya bandia wanayotumia mafundi makochi. Sponji la godoro lisitumike, kwa sababu huziba upesi na likishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu. Tena mfahamu kwamba chujio hilo hukamata rangi tu. Mvuke unapita kama ulivyo, na ndiyo maana tumezungumza sana juu ya mahali unapotokea.

Kupima kama kibanda kinavuta, kabla kopo lolote la rangi au thina halijafunguliwa katika eneo lile, washa udi. Ushike kwenye mdomo wa sanduku ukiwa umewasha feni na uutazame moshi. Kina chetu ni nusu mita, na kasi tunayoitaka ni nusu mita kwa sekunde, hivyo moshi unapaswa kufika kwenye chujio kwa muda wa kutamka neno moja refu. Usogeze kwenye pembe zote nne. Pembe ambayo moshi wake unazunguka badala ya kwenda ndiyo itakayokutia vumbi kwenye kazi. Ukimaliza, zima udi ndani ya maji na uuondoe kabisa.

Niliahidi kuzungumzia saa. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, na vanishi na rangi za nitroselulosi zinazokauka haraka huchukia unyevu. Thina inapovukiza huchukua joto kutoka juu ya kazi. Uso hupoa, unyevu wa hewani huganda juu yake, na vanishi iliyotakiwa kung'aa hutoka na ukungu mweupe kama maziwa yaliyomwagika. Hewa ikiwa na nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, umande huanza kujitengeneza kwenye kitu chochote kilichopoa hadi nyuzi 24 hivi. Kanuni ya wapaka rangi wa vyuma ni kwamba uso unaopakwa uwe juu ya kiwango hicho kwa nyuzi 3 au zaidi, na kwa thina inayokauka haraka hata hizo ni chache. Kwa hiyo pulizeni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua, na kifaa kikae kwanza mahali pakavu penye joto hadi kiondoe ubaridi wa usiku. Thina ya kuchelewesha ukaukaji husaidia. Kompresa iwe na kikombe cha kunasa maji, na kimwagwe kila siku. Vyuma vilivyokaa karibu na bahari vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya msasa, kwa maana chumvi iliyofunikwa na rangi huvuta unyevu na kuvimbisha rangi juu yake.

Kuhusu pumzi zetu nitasema bila kuzunguka. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali hazizuii mvuke. Inayotakiwa ni ile ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vya mkaa na tabaka la kuzuia chembe mbele yake, na ndevu huifanya ivuje. Ukianza kusikia harufu, vichujio vimekwisha. Na ile rangi ya magari inayochanganywa na kikausho chake, inayoitwa 2K, isiletwe nyumbani hata kidogo. Kikausho hicho kina kemikali iitwayo aisosianeti, ambayo huweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu, na harufu yake haitoi onyo la kutosha kabla ya madhara. Mwenye kumwajiri kijana katika kibanda chake aelewe pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na udogo wa karakana si kinga.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kidole kitoke kwenye kitufe papo hapo, na mtu atoke nje. Asimalizie upande uliobaki. Feni iwashwe kabla kopo halijafunguliwa na iachwe ifanye kazi dakika kadhaa baada ya kazi kukamilika. Matambara yenye mafuta ya kitani na maboksi ya chujio yaliyojaa rangi yasirundikwe ndani usiku, kwa kuwa mafuta hayo hujitia joto yenyewe yanapokauka hadi kuwaka. Yatiwe kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko, nje ya nyumba.

Mfano wa kibanda nilioueleza uko nje, upande wa magharibi wa ukumbi huu, na futi ya kupimia iko juu yake kwa wanaotaka kunakili vipimo. Nilikusudia tupulize fremu mbili za mninga mbele yenu, lakini kumenyesha tangu alfajiri na hewa bado ni nzito, kwa hiyo leo tutawasha feni na udi peke yake. Fremu tutazipuliza siku ya jua, kuanzia saa nne.